Karte jone: sindano ni yako, lakini ulinzi ni wa nani?

Mama mudogo wangu alikuwa na tiketi ya kwenda India siku ya Jumamosi. Ana miaka 63, moyo unamusumbua, familia tulichanga miezi na miezi, kuna hadi mujomba aliyeuza ng'ombe, na Jumatano mangaribi akatoa kwenye sakoshi yake karte jone, ile karte ya chanjo ya homa ya manjano wanayouliza wasafiri, mupya kabisa, akanipatia akisema "Mutoto wangu, hata hii nayo nimeimaliza." Nikaifungua. Tarehe ya sindano ilikuwa ya jana yake, Jumanne. Nikamwambia mama mudogo, Jumamosi hautasafiri. Akakunja mukono wa blauzi akanionyesha mahali walipochoma: "Lakini nimechomwa! Si huu mukono ungali unaniuma?"

Mukono ulikuwa unauma kweli, hakuna bongo. Shida ni kwamba karte jone inaanza kuhesabiwa siku 10 kisha sindano, si siku ile ile umechomwa, na ajansi iliyotuuzia tiketi walimuuliza kama ana karte, akasema ndiyo, hakuna aliyemuuliza ya tarehe gani. Basi tukalipa pesa ya kubadilisha tiketi, na mimi tangu siku ile nimekuwa munganga wa karte jone wa kwetu, kila mutu anayesafiri ananipigia simu, na maswali ni yale yale, njo maana nimeona niandike mara moja.

Swali la kwanza, ambalo hata mimi lilinisumbua zamani: juu ya nini Wazungu, wakali wa viza vile, wanaokuomba hadi karatasi ya benki ya babu yako, hawaulizi karte jone ukitoka kwetu Goma, Congo, kwenda Brussels, lakini India, China na Afrika Kusini wanaiuliza kwanza? Ukishaelewa hii, yote inayobaki inakuwa nyepesi.

Homa ya manjano ni kirusi kinachobebwa na mbu. Mu miji ni mbu mumoja hasa, anaitwa Aedes aegypti, ana madoa meupe kwenye miguu, anauma mchana, na anapenda kuzalia mu maji safi ya nyumbani, ndani ya pipa, bidoni iliyokatwa, pneu ya zamani nyuma ya nyumba. Mutu mgonjwa hawezi kukuambukiza kwa kukupa mukono ao kulala pembeni yako, lazima mbu amuume yeye, kirusi kikae mu mwili wa yule mbu kwa wiki moja ao zaidi kidogo, kisha njo mbu akiuma mwingine anamupatia. Na mutu akishaumwa na mbu mwenye kirusi anakaa siku 3 hadi 6 akiwa muzima kabisa, anakula, anacheka, anapanda ndege.

Sasa chukua mutu aliyeumwa na mbu huku kwetu, tuseme alipitia Kisangani kwa biashara, akapanda ndege akiwa hajisikii chochote, akafika Mumbai. Siku ya pili homa inaanza. Mumbai kuna ule mbu, tena wamejaa, ni yeye anayewapa dengue kila mwaka. Mbu anamuuma mgeni wetu, kisha anauma watu wa nyumba ile, na katika nchi ya watu zaidi ya bilioni 1.4 karibu hakuna mutu aliyechanjwa, kwa sababu homa ya manjano haijawahi kukaa Asia. Iko Afrika na Amerika ya Kusini tu. Mbu anawangojea, nyani wanao, watu hawana kinga, kinachokosa ni kirusi peke yake, na kirusi hakina mabawa marefu, kinakuja na mutu. Mutu huyo ni wewe.

Brussels hakuna ule mbu, na baridi ya kule haimupendi. Ukifika na kirusi utaugua wewe, utapelekwa hospitali, basi, mambo inaishia pale. Kwa hiyo nchi nyingi za Ulaya hazikuulizi kitu. Hawakuhurumii wala nini, hauwatishi tu.

Unaona basi? Karte jone inayoulizwa na India si ya kukukinga wewe. Ni ya kuwakinga wao. Wewe sindano inakusaidia pia, tena sana, kwa sababu homa ya manjano haina dawa ya kuiponyesha, wanakupa maji na kukufuata tu huku ini na figo vinapigana, lakini yule afisa kwenye dirisha hafikirii ini lako. Anafikiria mbu wa kwao. Njo maana pia hataki kusikia hadithi ya mukono unaouma. Siku 10 ni muda ambao mwili unahitaji ili kutengeneza kinga, watu wengi sana wanakuwa wameshaipata hapo, na mbele ya hapo wewe na ule ambaye hajachomwa ni kitu kimoja. India ukifika bila karte nzuri, na umetoka ao umepita kwenye nchi yenye ugonjwa ndani ya siku 6, wanaweza kukuweka pembeni hadi siku 6 ziishe. Siku 6, kwa sababu ndizo siku za kirusi kujificha. Kwa mama mwenye moyo mbaya ambaye munganga anamungojea Jumatatu, ni balaa.

Congo yetu nayo inauliza karte jone, lakini kwa akili nyingine. Kila mutu anayeingia, kuanzia mutoto wa miezi 9, atoke Ulaya, atoke wapi, lazima awe nayo. Huku kirusi kiko tayari, mu misitu na nyani, kwa hiyo mgeni asiyechanjwa anaweza kukichukua na kukileta mu muji. Ghana na Cameroon wanafanya vile vile. Kwa hiyo kuna nchi zinazouliza kila mutu, kuna zinazouliza wale tu wanaotoka kwenye orodha ya nchi zenye hatari, na kuna ambazo haziulizi. Congo iko kwenye orodha ya OMS, shirika la afya la dunia. Popote tunapoenda sisi tuko "wale wanaotoka kule".

Hapa kuna mutego wa watu wa Goma. Tangu uwanja wetu wa ndege ulipofungwa Januari 2025, ukitaka kwenda mbali unavuka mupaka wa Rwanda kwa Grande Barrière ao Petite Barrière, unaingia Gisenyi, unapanda gari hadi Kigali, na tiketi yako imeandikwa Kigali. Rwanda haimo kwenye ile orodha. Basi mutu anajiambia, mimi natoka Rwanda, karte ya nini? Ndugu yangu, pasipoti yako ni ya Congo, muhuri wa mupaka ni wa jana, na siku 6 zinahesabiwa toka mahali ulipokuwa, si toka mahali ndege iliruka. Tena kuna eskali, pale ndege inaposimama njiani. Afrika Kusini, kwa mufano, inahesabu pia ukikaa zaidi ya masaa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye hatari, na Ethiopia na Kenya ziko kwenye orodha. Wenye kulala Addis usiku muzima juu ya tiketi ya bei ndogo, hapo munajisikia.

Na wasifikirie watu kwamba ni maneno ya karatasi tu. Mwisho wa 2015 homa ya manjano ilishika Luanda, Angola, ikavuka hadi Kinshasa mu 2016, na wafanyakazi Wachina waliokuwa Angola wakarudi nayo kwao: wagonjwa 11, mara ya kwanza Asia kupimwa ugonjwa ule kwenye laboratwari. Iliishia hapo, lakini tangu siku hizo ukitua China na pasipoti ya kwetu karte inaangaliwa kwa macho mawili. Afrika Kusini wakati mwingine wanapita kipimo: Machi 2012 walirudisha Wanigeria 125 kwa sababu ya karte jone, Nigeria ikakasirika, ikaanza kurudisha watu wa Afrika Kusini, mwishowe Afrika Kusini ikaomba radhi. Karte ndogo ile imeshagombanisha serikali mbili.

Kuna kitu kingine cha ule mwaka 2016 ambacho wengi hawakijui na kinawahusu ndugu zetu waliokuwa Kinshasa. Chanjo ilikuwa chache dunia nzima, ni viwanda vinne tu vinavyokubaliwa na OMS, kimoja kiko Dakar, na Kinshasa ni muji wa mamilioni. Wakaamua kugawa dozi moja kwa watu watano, kila mutu akapata sehemu moja ya tano, na watu zaidi ya milioni 7 wakachanjwa hivyo. Kinga ilikuwa nzuri, hakuna aliyedanganywa. Lakini ile dozi ndogo haihesabiki kwa safari ya inje, sheria inataka dozi nzima. Kama ulichanjwa Kinshasa mwezi wa 8 wa mwaka ule kwenye foleni ya mutaani, usiseme mimi nimeshamaliza, angalia nini imeandikwa.

Tena usichanganye na neno la miaka 10. Zamani karte ilikuwa inakufa kisha miaka 10, unarudi kuchomwa. Ilibadilishwa: kuanzia tarehe 11 Julai 2016 karte jone ni ya maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa mwisho wake 2014 ao 2019, hauhitaji sindano ingine wala karte ingine. Sheria ni hiyo kwa nchi zote. Lakini utakuta kwenye gishe kijana anasoma tarehe ya mwisho kwa kalamu ya bluu anakwambia papa hii imekufa. Usimutukane. Mwambie kwa upole ya 2016, mwombe amwite mukubwa wake. Kupayuka kwenye gishe hakujawahi kumupandisha mutu ndege.

Sasa karte yenyewe. Ichukue mukononi uisome, usiiweke tu ndani ya pasipoti. Ya mama mudogo ilikuwa na makosa mawili mbali na tarehe. Sisi Wacongo tuna jina, postinome na prenome, na munganga alikuwa ameandika prenome na jina basi, postinome imebaki, wakati pasipoti ina yote matatu. La pili: tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imekosewa, ikafutwa na kuandikwa juu yake. Karte iliyofutwa ao kukwanguliwa wanaweza kuikataa, imeandikwa hapo hapo chini kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayesoma. Inatakiwa jina kama la pasipoti, namba ya pasipoti, sahihi yako wewe mwenyewe, jina la ugonjwa, tarehe na mwezi uandikwe kwa herufi, sahihi ya munganga, kiwanda cha chanjo na namba ya lo, ni kusema kundi la chanjo zilizotengenezwa pamoja, na muhuri wa senta iliyoruhusiwa. Iwe kwa Kifaransa ao Kiingereza. Kila mutu na yake, mutoto pia, muzazi anasahihi kwa niaba yake. Tulirudi kesho yake asubuhi na pasipoti, munganga akaandika karte ingine, tarehe ya sindano ile ile ya Jumanne, namba ya lo ile ile. Ilichukua dakika tano na tulikuwa tumengojea masaa matatu.

Huyo munganga lakini nitamushukuru kwa kitu kimoja. Siku ya sindano, mama mudogo ananielezea, alimuuliza maswali mengi hadi akachoka: miaka ngapi, umeshawahi kuchanjwa hii, unaweza kula mayai, unakunywa dawa gani, una ugonjwa wa kupunguza kinga? Mama mudogo alidhani anamupeleleza. Kumbe chanjo hii ina kirusi kizima kilichodhoofishwa, na kwa mutu aliyepita miaka 60 anayechomwa mara yake ya kwanza kuna hatari, ni ndogo sana lakini iko, chanjo yenyewe inaweza kumugonjesha vibaya. Mutoto chini ya miezi 6 hachomwi kamwe, kati ya 6 na 9 ni wakati wa epidemi tu. Mwenye alerji kali ya mayai, mwenye VIH, virusi vya sida, ambaye kinga imeshuka sana, mama mjamzito, hao wote munganga lazima apime kwanza. Na kama ataona haifai, hakuchomi, anakuandikia cheti kwamba haukuchanjwa kwa sababu ya afya, chenye sahihi na muhuri. Nchi unayoenda inaweza kukikubali, ao ikakuambia sawa lakini tutakufuata siku kadhaa. Mbele ya kulipa tiketi uliza ubalozi wao, usijaribu bahati.

Halafu kuna wale wa mulango wa nyuma. Kila mutu hapa anajua mutu anayejua mutu anayetoa karte bila sindano, unampa pesa kidogo na jina, mangaribi unayo. Nilikuwa na mwenzangu, mufanyabiashara, aliniambia anaogopa sindano kuliko chui. Sikumuhubiria. Nilimuuliza tu: ukirudi na homa, macho ya manjano, munganga akakuuliza umechanjwa, utamwambia nini? Akiona karte yako ataitosha homa ya manjano kwenye orodha yake, ataanza kukutibu malaria, na wewe njo umemudanganya kwa pesa yako mwenyewe.

Watu wananiuliza pia magonjwa mengine, sababu Goma tumeyaona yote. Ebola ilipofika hapa Julai 2019, na mupasteri aliyetoka Butembo kwa basi, siku tatu nyuma yake OMS ikatangaza hali ya dharura ya dunia, na mupakani tukawa tunanawa mikono kwenye yale madumu ya klori na kupimwa joto kwenye kipaji, asubuhi na mangaribi, mama wa nyanya, mutoto wa shule, wote. Wengi walidhani karte ya Ebola inakuja. Haikuja. Chanjo ya Ebola ilitolewa hasa kwa waliogusana na mgonjwa na waliogusana na hao, na kwa waganga, haikuwa lazima kwa wasafiri. Mpox ya 2024 vile vile, hakuna mupaka ulioweka lazima ya chanjo. Covid, hiyo ilikuwa vita ya kila nchi na sheria yake, leo test, kesho chanjo, kesho kutwa kode ya QR, na imekwisha karibu pote.

Kwa sheria ya kimataifa ya afya, homa ya manjano peke yake njo imeandikwa kwa jina kwamba nchi inaweza kudai karte yake. Zamani kulikuwa na ndui pia, wazee wetu walisafiri na karte ya ndui hadi ugonjwa ulipotangazwa umekwisha duniani mu 1980. Kolera nayo ilikuwemo ikatolewa mu 1973, kwa sababu chanjo ya wakati ule haikuzuia ugonjwa kuvuka mupaka, watu walikuwa wanachomwa bure. Ukiona mutu leo anakuuzia "karte ya kolera" ya lazima, kimbia.

Polio iko katikati. Tangu Mei 2014 OMS imeiweka kwenye dharura, na nchi zenye kirusi kinachozunguka, Congo ikiwemo, zimeshauriwa ziwachanje wakaaji wake mbele ya safari ya inje, kati ya wiki 4 na miezi 12 mbele ya kutoka, na iandikwe kwenye karte ile ile ya manjano. Nchi zingine zinaidai, zingine hazijali. Saudi Arabia inajali. Ndugu Waislamu wa hapa mukienda Hija mutaulizwa polio, mutaulizwa homa ya manjano, na zaidi ya yote menenjite, ugonjwa wa utando wa ubongo, ile chanjo ya aina nne, ACYW, iliyochomwa angalau siku 10 mbele ya kufika. Hiyo inadaiwa kwa kila haji, atoke Goma, atoke London. Mwaka 2000 na 2001 mahaji walirudi makwao na menenjite ya aina W135 ambayo chanjo ya zamani haikuikinga, ikaua watu ndani ya nyumba zao nchi mbalimbali, basi mu 2002 Saudi ikaweka aina nne kuwa lazima. Tena hii si ya maisha: kuna chanjo inayohesabiwa miaka 3 na kuna ya miaka 5, kwa hiyo uliza ni ipi wanakuchoma.

Na zile zisizo lazima hazimaanishi hazina maana. Hakuna atakayekuuliza tifoidi, epatiti ao malaria kwenye dirisha. Lakini sisi tuko juu hapa, kama metre 1,500, tumezoea baridi na mbu wachache, mutu wa Goma akishuka Kinshasa ao Kisangani wiki mbili anarudi amebebwa. Hapo ni neti na dawa, hakuna karte.

Mama mudogo alisafiri Jumapili ya wiki iliyofuata, siku ya 12. Alinipigia toka kule kwa WhatsApp, akasema yule afisa wa uwanja wa ndege aliishika karte, akahesabu kwa vidole, kabisa kwa vidole, akaangalia pasipoti, akaangalia karte tena, akagonga muhuri. Sasa amerudi, moyo unapiga vizuri, na karte anaiweka ndani ya Biblia pamoja na karte ya kupiga kura. Juzi aliifungua mbele yangu akaniwekea kidole kwenye mistari iliyobaki mitupu chini ya ile ya homa ya manjano, akaniuliza hii ni ya nini, wamesahau kuijaza?